Wiski inayonuka moshi: je, imeharibika?

SWALI: Ndugu Mhariri, shemeji yangu amerudi kutoka Uskoti na kuniletea chupa ya wiski ya Lagavulin ya miaka 16. Nilipoifungua nilisikia harufu ya moshi na ya dawa ya vidonda, kama niko wodini. Je, imeharibikia njiani kwa joto? Na nikiichanganya na soda nitakuwa nimekosea? – Msomaji, Tabata, Dar es Salaam.

JIBU: Ndugu msomaji, chupa yako ni nzima. Harufu hiyo imetiwa kwa makusudi, tena kabla pombe yenyewe haijapatikana. Wengi hudhani moshi hutoka kwenye pipa, kumbe hutoka kwenye nafaka: shayiri hulowekwa mpaka iote kimea, kama ulezi wa pombe zetu za kienyeji, kisha kimea hicho hukaushwa tanurini kwa moshi wa piti, yaani udongo mweusi wa kinamasi uliojaa mimea iliyooza nusu, ambao huko kisiwani Islay, Uskoti, inakotoka Lagavulin, hukatwa vipande kama matofali, ukaanikwa na kuchomwa kama kuni. Moshi huacha kwenye punje kemikali ziitwazo fenoli, zisizopotea zote kwa kukenekwa (kugeuzwa mvuke na kupozwa tena) wala kwa miaka yote ile ndani ya pipa la mti wa mwaloni. Baadhi yake ni za ukoo mmoja na dawa za kuulia vijidudu, kwa hiyo pua yako haikukudanganya ilipokumbuka wodi.

Mimina kidogo katika bilauri yenye tumbo pana na mdomo mwembamba. Kwa joto la Dar es Salaam mvuke wa kileo hupanda kwa kasi, na hiki ni cha asilimia 43, basi usizamishe pua ndani. Shika bilauri usawa wa kidevu, achamisha mdomo kidogo, ndipo unuse. Funda la kwanza usilihukumu, kwa maana ulimi utasikia moshi peke yake. La pili likalishe mdomoni, na nyuma ya moshi utakuta utamu kama wa sukari guru, zabibu kavu, na chumvichumvi ya upepo wa bahari. Waliokunywa maji ya mtungi uliofukizwa ubani (naomba radhi kwa kulinganisha maji yale na pombe) wanajua jinsi moshi unavyotangulia puani na utamu ukafuata kooni.

Kisha izimue kwa matone machache ya maji. Mwaka 2017 watafiti wawili nchini Sweden walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba wiski ikizimuliwa, gwayakoli, mojawapo ya kemikali za moshi, husogea juu ya kinywaji, karibu na pua. Barafu hufanya kinyume: huifumba harufu.

Soda si kosa, ila sukari yake itameza yote niliyoyataja, na kwa kazi hiyo Konyagi ingekutosha kwa bei nafuu zaidi. Chupa isimamishe kabatini mbali na jua, usiilaze, kwa sababu kileo hula kizibo.