Kanada walipiga mashuti 57 dhidi ya Latvia: je, ilikuwa bahati mbaya tu?

SWALI: Kocha, shikamoo. Tangu mashindano ya dunia ya hoki ya barafuni ya vijana chini ya miaka 20 ya 2025 yaliyofanyika Ottawa, Kanada, nina ubishi na rafiki yangu ambao haujaisha. Kanada walikuwa nyumbani, uwanja umejaa watu wao, na vijana wa kuchagua wanao tele. Bado Chekia wakawatoa robo fainali, mwaka wa pili mfululizo. Hata kwenye makundi walifungwa na Latvia ilhali walipiga mashuti 57. Rafiki yangu anasema kipa wa Latvia alikuwa na siku yake, basi. Mimi nasema kocha wao aliwaangusha. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Nyote wawili mmeshika kipande, ila kipande kikubwa kiko kwenye orodha ya wachezaji, iliyotangazwa kabla paki, kile kisahani kigumu cha mpira kinachopigwa kwa gongo, haijadondoshwa barafuni hata mara moja.

Tuanze na rafiki yako, maana hoja yake si ya kubezwa. Kipa huyo wa Latvia, Linards Feldbergs, aliokoa mashuti 55. Kipa wa kawaida katika umri ule huokoa kama tisa katika kila kumi, kwa hiyo mashuti 57 yangezaa mabao matano au sita hivi. Kanada walipata mawili. Mechi ikaenda mikwaju ya penalti, na Eriks Mateiko wa Latvia akaimaliza katika raundi ya nane. Latvia hawakuwa wamewahi kuwafunga Kanada kwenye mashindano haya.

Lakini hesabu ya tisa kwa kumi inachukulia kwamba mashuti yote ni sawa, na hapo ndipo watu wengi hupotea. Shuti la beki kutoka mstari wa buluu, mbali na goli, kipa akiliona tangu linatoka kwenye gongo, ni zoezi la kumpasha moto. Shuti linalofuata pasi iliyokata mbele ya goli kutoka upande mmoja hadi mwingine ni habari tofauti kabisa: kipa lazima asukume mwili mzima upande wa pili kabla hajajua paki iko wapi. Timu ndogo inayojua kazi yake hukuachia ya kwanza upige hadi uchoke, ikafunga njia ya ya pili. Latvia walijazana mbele ya kipa wao, wakaacha pembeni wazi. Kwa hiyo mtu akiniambia mashuti 57, mimi namuuliza mangapi yalitoka katikati, na mangapi yalitanguliwa na pasi iliyomhamisha kipa.

Sasa angalia mechi zote. 4-0 dhidi ya Ufini, 2-3 na Latvia, 3-0 dhidi ya Ujerumani, 1-4 na Marekani, 3-4 na Chekia. Mabao 13 katika mechi tano, na saba kati ya hayo yalikuja kwenye mechi mbili walizoshinda. Ulinzi uliwaweka hai. Mbele palikuwa pakavu.

Ukame huo haukutoka mbinguni. Washambuliaji Macklin Celebrini na Connor Bedard walikuwa bado na umri wa kucheza, ila walikuwa kazini NHL, ligi kuu ya kulipwa ya Amerika Kaskazini, na klabu zao hazikuwatoa. Hilo huwezi kumlaumu mtu. Walioachwa kwa hiari ndio wanaonikera. Michael Misa hakuwepo, naye msimu ule alikuwa anafunga mabao kama mchezo kwenye ligi ya vijana ya Ontario. Zayne Parekh, beki aliyekuwa amefunga mabao 33 msimu uliotangulia, hakuwepo. Beki, mabao 33! Andrew Cristall na Beckett Sennecke nao walibaki nje. Waliopewa nafasi wengi walikuwa vijana wa nguvu na wa kurudi nyuma kukaba. Ninaielewa hofu ya wachaguzi: mashindano ni mafupi, kosa moja nyuma linakutoa. Ila mechi ikiwa 2-2 na mpinzani amefunga mlango, mkabaji wa ziada hakusaidii. Unamhitaji mtu mwenye ujanja wa mikono.

Ukiongeza kwamba Matthew Schaefer alivunjika mtulinga, mfupa ulio kati ya shingo na bega, alipogonga mlingoti wa goli kwenye mechi hiyohiyo ya Latvia, beki aliyekuwa bora kwa kutoa paki nyuma na kuanzisha mashambulizi akawa ameondoka, na pale nyuma mfano wa Parekh haukuwepo.

Jambo la pili ni adhabu, yaani mchezaji kutolewa dakika kadhaa timu yake ikicheza pungufu, na hapa nakupa haki yako kidogo kuhusu kocha. Kanada walimaliza na zaidi ya dakika 100 za adhabu. Usiichukue namba hiyo kama ilivyo, kwa sababu mchezaji akitolewa nje moja kwa moja huongezewa dakika nyingi za karatasini ambazo timu haichezi pungufu. Hata hivyo tabia inaonekana. Vijana wamezoea ligi za kwao, ambako kumgonga mpinzani kwa nguvu kunapigiwa makofi. Waamuzi wa IIHF, shirikisho la dunia la hoki ya barafuni, huadhibu vikali zaidi wakiona mtu anagongwa kwa goti au kichwani. Kwenye robo fainali mchezaji mmoja wa Kanada alitolewa kwa kugonga kwa goti, na adhabu ya dakika tano haifanani na ya dakika mbili: ile ya mbili hufutika mpinzani akifunga, ya tano inaendelea hata wakifunga mara tatu. Baadaye walisawazisha kwa tabu, 3-3, wakaadhibiwa tena, na zikiwa zimebaki sekunde kama 40 Adam Jecho akafunga la nne Kanada wakiwa pungufu. Jecho huyo msimu ule alikuwa anachezea klabu ya vijana ya Edmonton, hukohuko Kanada. Walifungwa na kijana wanayemjua vizuri.

Kuna jambo moja ambalo sikusikia likisemwa vya kutosha. Kwenye makundi, ushindi wa dakika 60 una pointi tatu, ushindi wa muda wa ziada au mikwaju pointi mbili, na anayeshindwa hapo hupata moja. Marekani walimaliza na 10, Ufini 8, Kanada 7. Kanada wangeshinda ile mikwaju dhidi ya Latvia, wangefika 8 sawa na Ufini, na kwa kuwa walikuwa wamewafunga Ufini wangeshika nafasi ya pili. Wa pili alikutana na Slovakia. Wa tatu alikutana na Chekia. Ufini wakapita kwa Slovakia, wakaenda mpaka fainali, ambako Marekani waliwafunga 4-3 katika muda wa ziada.

Kwa hiyo bahati ilikuwepo, kama ilivyokuwepo mwaka 2024 kule Gothenburg, Chekia walipowatoa 3-2 kwa paki iliyomgonga beki wa Kanada zikiwa zimebaki sekunde 11. Ila timu inayofunga mabao manne kila mechi haifikishi mambo kwenye sekunde 11.

Na kuhusu kocha wao: Dave Cameron ndiye aliyeongoza timu iliyochukua dhahabu Edmonton mwaka 2022. Ndiye pia aliyekuwa benchi mwaka 2011 Kanada walipoongoza fainali 3-0 wakafungwa na Urusi 5-3. Mimi swali langu la kwanza ningelipeleka kwa kamati iliyoketi mezani na kumwacha Parekh nje. La pili kwa Cameron, kuhusu yale magoti.