PhD: nianze, nisubiri au niachane nayo?

Barua za wanaoitamani shahada ya uzamivu, na za waliokwisha kuingia wakakwama, zimejaa mezani. Nimezifupisha na majina nimeyaondoa.

Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 41, nafundisha sekondari Tabora, nina shahada ya uzamili. Kila mtu ananiambia nikasome PhD. Niende?

Marahaba. Umri hauna neno. Kinachonitia wasiwasi ni hao "kila mtu", maana hawatakuwepo saa nane za usiku unapohangaika na sura ya tatu ya tasnifu yako. Kama unataka kuhamia chuo kikuu, nenda. Kule bila PhD hupandi. Kenya, kwa mfano, vigezo vya tume yao ya vyuo vikuu (CUE) vya mwaka 2014 viliifanya kuwa sharti la cheo cha mhadhiri. Kama unabaki sekondari, muulize kwanza mwajiri wako muundo wa utumishi unasema nini juu ya mwenye PhD. Ukijibiwa "hongera" tu, basi utakuwa unasoma kwa mapenzi ya utafiti. Hiyo nayo ni sababu halali, ila uijue kabla hujalipa ada.

Chuo kimenikubali lakini sina mfadhili. Nianze, fedha zitajulikana mbele ya safari?

Hapana. Watu hupiga hesabu ya ada wakasahau uwandani: nauli, posho za wasaidizi, vibali, vipimo vya maabara. Fedha hukatika hapo hapo, data zikiwa nusu. Afadhali upoteze mwaka mzima ukiomba ufadhili. Norway na Sweden mwanafunzi wa PhD kwa kawaida ni mwajiriwa mwenye mshahara. Marekani idara nyingi hulipa ada na kukupa posho, nawe unasaidia kufundisha au kazi za maabara. Ujerumani kuna nafasi za ajira vyuoni, na kuna DAAD, shirika lao la ufadhili wa masomo. Ukiwa mwanauchumi, uliza AERC ya Nairobi, muungano wa utafiti wa uchumi Afrika. Ukiwa mtumishi wa chuo na utafiti wako unagusa afya ya jamii, uliza CARTA, muungano wa vyuo na taasisi za Afrika unaofadhili PhD, maana chuo chako huenda ni mwanachama.

Nataka kutafiti "mabadiliko ya tabianchi na wanawake Zanzibar". Nimeambiwa mada ni pana. Sielewi, mbona ni muhimu?

Ni muhimu sana, na ndiyo maana huwezi kuimaliza. Shuka nayo hadi pwani. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Unguja mwaka 1989, upande wa Paje na Jambiani, na wakulima wake wengi ni wanawake. Wanalima aina mbili: kotonii, yenye bei nzuri, na spinosamu, ya bei ya chini. Maji yanapopata joto kotonii inaugua na kufa, spinosamu inavumilia. Wengine wamejaribu kuihamishia kotonii kwenye kina kirefu, ambako kunatakiwa mashua na kujua kuogelea.

Sasa maswali yanajileta yenyewe. Kilimo kikihamia kina kirefu, nani anabaki na shamba, mke au mume mwenye mashua? Aliyebaki na spinosamu anafidia vipi pato lililopungua? Chagua moja, kijiji kimoja au viwili. Swali lako likiweza kujibiwa "ndiyo", "hapana" au "inategemea hiki", umeshapata mada. Likiishia kwenye "changamoto na fursa", bado.

Msimamizi wangu ni profesa mwenye jina, lakini ana miezi minne hajarudisha sura yangu. Nifanyeje bila kumkosea adabu?

Hili ndilo linaloua PhD nyingi kuliko ugumu wa masomo. Jina kubwa huja na safari, vikao na wanafunzi lukuki. Kenya waliweka kikomo cha wanafunzi watatu wa uzamivu kwa msimamizi mmoja, na wala si kwa kupenda kubana.

Acha kutuma "Nakumbushia, Profesa". Tuma kurasa kumi badala ya sura nzima, juu yake maswali mawili yanayojibika kwa simu: "Je, sampuli hii inatosha? Nikiondoa lengo la tatu, kuna ubaya?" Omba dakika ishirini ofisini kwake. Jioni hiyo hiyo mwandikie barua pepe: tumekubaliana hili na hili, naleta tarehe fulani. Adabu hujavunja, na kumbukumbu unayo. Ikishindikana, nenda kwa msimamizi wa pili, kisha ofisi ya shahada za juu na barua zako mkononi. Na nyie ambao hamjaanza: waulizeni wanafunzi wake wa zamani, hasa wasiomaliza.

Naruhusiwa kuandika tasnifu kwa Kiswahili?

Ndiyo. TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, watu wanaandika na kutetea kwa Kiswahili.

Jarida limenitaka dola 150, makala itoke baada ya siku tatu. Nalipa?

Siku tatu hazitoshi hata kumpata msomaji wa kuitathmini. Usilipe, baki na dola zako.

Mwaka wa sita huu. Data ninazo, sura mbili zimebaki, nina kazi na watoto. Nimechoka, nataka kuacha.

Ungekuwa huna data na mada imekuchosha, ningekwambia acha, tena bila aibu. Lakini dada yangu, data unazo! Omba likizo, hata isiyo na malipo, ya miezi mitatu. Wape nyumbani tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Anza na sura ya matokeo, majedwali kwanza, maelezo baadaye. Utangulizi usiuguse hadi mwisho. Na kabla ya yote, Jumatatu piga simu ofisi ya shahada za juu uulize usajili wako unaisha lini, na barua ya kuongezewa muda inataka sahihi ya nani.