Kabla hujamwita mtawala kafiri, soma aya zote

Kijana unayeanza darsa za tafsiri, jiandae. Swali utakalokutana nalo barazani mapema kabisa ni hili: Mwislamu anayetawala kwa sheria zilizotungwa bungeni, bado ni Mwislamu? Watakutaka ujibu kahawa ikiwa bado ya moto. Usijibu.

Nimesomesha miaka mingi hapa Mombasa. Kuna kijana alikuja na msahafu wenye tafsiri, Suratul Maida aya ya 44 kaipiga mstari kwa wino mwekundu: wasiohukumu kwa aliyoyateremsha Mwenyezi Mungu, hao ndio makafiri. Aya ya 45 inasema madhalimu, ya 47 mafasiki. Huko wino haukufika. Kwa mstari ule mmoja aliacha kuswali nyuma ya ami yake, karani wa mahakama. Iliniuma sana.

Anza na sababu ya kuteremka. Katika Sahihi Muslim, kitabu cha Hadithi, sahaba al-Baraa bin Azib anasimulia kuwa Mtume (s.a.w.) alipitishiwa Myahudi aliyechapwa viboko na kupakwa weusi usoni. Akamwapisha mwanachuoni wao, naye akakiri: adhabu ya Taurati ni kupigwa mawe, lakini uzinzi ulienea kwa wakubwa wetu, tukimkamata mkubwa tunamwacha, tukimkamata mnyonge tunamwadhibu, hata tukakubaliana adhabu moja itakayowaenea wote. Kaa hapo, usipite haraka. Hukumu ya Mungu ilianza kuachwa kwa kumstahi mwenye cheo.

Ndipo uwaendee wafasiri. Ibn Abbas, sahaba na binamu wa Mtume, amepokewa akisema huu si ukafiri unaomtoa mtu katika Uislamu. At-Tabari alisema ukafiri huo unamhusu tu mwenye kuikanusha hukumu yenyewe. Lakini Ibn Kathir (alifariki 1373), akifasiri aya ya 50, aliitaja Yasaq, kanuni ya Genghis Khan, mtawala wa Wamongolia, na akamhukumu ukafiri anayeitanguliza mbele ya Qur'ani na Sunna. Karne iliyopita Muhammad bin Ibrahim, mufti wa Saudia, naye alikuwa mkali juu ya mahakama za kanuni za Kizungu. Usimfiche yeyote kati yao. Mimi naliona tendo lenyewe ni zito mno, lakini kumkufurisha mtu kwa jina lake si kazi ya mwanafunzi.

Makhawarij, kundi lililojitenga na Khalifa Ali na kumkufurisha, walianzia papo hapo. Baada ya vita vya Siffin baina ya Ali na Muawiya, mwaka 657, walikataa waamuzi waliowekwa kusuluhisha, wakapaza sauti kuwa hukumu ni ya Mungu tu; Ali akasema ni neno la haki linalokusudiwa batili. Ibn Abbas akawaendea na aya ya waamuzi wawili baina ya mume na mke, kwamba Mungu mwenyewe kaamrisha watu waamue. Wengi wakarejea.

Baadaye yule kijana alifiwa na baba, akaenda kwa kadhi kwa ajili ya mirathi. Nilimuuliza, mwanangu, kadhi anakalia kiti kile kwa sheria ipi? Ni ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya ya 2010. Alinyamaza kitambo, kisha akaniomba tuanze upya, tangu aya ya 41.