Banda la Kuku Lisiwe Adhabu

Katika nyumba nyingi zinazosomesha watoto zenyewe huku zikiishi kwa shamba na mifugo, utaikuta desturi moja isiyoonekana kuwa na ubaya. Mvulana akimpiga mdogo wake, anatumwa akasafishe banda la kuku. Akijibu kwa ufedhuli, ananakilishwa mstari wa Biblia mara ishirini. Akichelewa mezani, anaongezewa hesabu. Mzazi anaona kapata faida mara mbili: mtoto kaonywa, na kazi imefanyika.

Mimi na baba yao tulikubaliana tangu kifungua mimba wetu akiwa mdogo kwamba hilo kwetu halitakuwapo. Mama anayeanza akiniuliza apange nini kwanza, namjibu hilo, kabla ya vitabu na kabla ya ratiba. Kazi ibaki kazi, masomo yabaki masomo, na Neno la Mungu libaki Neno la Mungu. Kimoja kisigeuzwe fimbo ya kingine.

Mtoto wa nyumba kama yetu hana pa kukimbilia. Mwanafunzi wa shule ya kawaida akiudhiwa na mwalimu, jioni anarudi kwa mama yake. Akiudhiwa na mama, kesho anakutana na rafiki zake. Kwetu mwalimu ndiye mama, msimamizi wa shamba ndiye baba, na huyohuyo baba ndiye anayefungua Biblia usiku. Ukiyachanganya, hasira ya saa nne asubuhi juu ya hesabu za sehemu itaketi na mtoto mpaka kwenye ibada ya jioni. Tena banda unalompa leo kama adhabu, jana kaka yake alilisafisha bila kosa lolote. Huyo kaka utamwambia nini?

Anayekosa kwetu hutengeneza alichoharibu. Aliyemwaga maji ya sungura anachota mengine. Aliyevunja penseli ya mwenzake anatoa yake. Aliyempiga ndugu yake anaomba radhi, na kama moyo bado haujakubali, anakaa karibu nami mpaka ukubali. Hilo huwachosha upesi kuliko adhabu yoyote ninayoijua. Na mara nyingi ukichunguza vizuri unakuta hakuna kosa hapo, ni mwili tu uliokalishwa mno. Mwenye mwili huo anatoka nje, anauzunguka uzio mbio, anarudi.

Nina wavulana wanne, ndiyo maana siku yetu huanza na mwili. Mifugo hutangulia. Mbuzi wa maziwa ana saa zake. Asipokamuliwa kwa wakati kiwele hujaa, humuuma, na baada ya muda maziwa hupungua. Kifungua mimba anakamua. Wa pili anahudumia sungura. Wa tatu anawafungulia kuku na kuwawekea maji. Kitinda mimba anabeba ndoo tupu kutoka hapa hadi pale na anaamini kwamba bila yeye hakuna kinachokwenda. Wakiingia kunawa, wameshainua, wameshasukuma toroli, wameshapiga kelele zao zote, na sasa wanaweza kuketi. Siku nikitaka vitabu vitangulie, naambulia viti vinavyobembea na penseli zilizotafunwa.

Masomo ya wadogo ni mafupi, dakika 15 au 20 kila moja, kisha tunabadilisha. Charlotte Mason, mwalimu wa Uingereza aliyefariki mwaka 1923, alishikilia jambo hilo, pamoja na lingine linalowafaa sana wavulana: mtoto akishasomewa, asimulie kwa maneno yake mwenyewe alichosikia. Wangu husimulia wakichonga kijiti au wakipukuchua mahindi, na mikono ikishughulika ulimi hufunguka. Ukimketisha mmoja wao na karatasi umwambie aandike muhtasari, atakupa mistari miwili. Mwache asimulie, atakueleza hadi rangi ya farasi.

Mmoja wao alichelewa kusoma. Kuchelewa kwa mvulana si msiba, lakini tusikae tukisema “wavulana ndivyo walivyo” mpaka mambo yaharibike. Akifika miaka minane hivi na herufi bado zinampotea, apimwe macho, apimwe masikio, na atafutiwe mtu mwenye ujuzi wa matatizo ya kusoma. Kumuomba Mungu na kumwona mtaalamu havigombani.

Sasa niseme jambo ambalo wenzangu wengi hawalipendi. Shamba halifundishi kila kitu. Wapo wanaosema mtoto akiokota mayai amesoma hesabu, akimwagilia miche amesoma sayansi, na jioni wakiandika kwenye daftari la kumbukumbu wanajaza masaa matano. Mtoto anaweza kuokota mayai miaka kumi asijue kugawanya sehemu kwa sehemu. Hesabu zinataka meza, kitabu, makosa na kufuta, kila siku ya masomo. Kusoma na kuandika kadhalika. Na mtoto anayegeuziwa kila mbuzi kuwa somo, mwishowe hamwoni mbuzi tena, anamwona mama yake anakuja na swali.

Ila ziko siku ambazo shamba hufundisha kweli, na siku hizo kazi ya mzazi ni kunyamaza. Tulipojenga banda jipya baba yao aliwapa kamba yenye vifundo 13 vilivyoachana sawasawa, ili kuwe na nafasi 12, akawaonyesha kwamba pembetatu ya nafasi 3, 4 na 5 hutoa kona mraba kila mara. Walipima kona zote nne, kisha wakaenda kupima kona za nyumba, wakatuletea taarifa kwamba nyumba yetu imepinda. Imepinda kweli.

Siku nyingine ilikuwa ya mayai. Yai la kuku huchukua siku 21. Mashine ya kutotolesha yenye feni huwekwa kwenye nyuzijoto 37.5 hivi za Selsiasi, mayai yanageuzwa mara kadhaa kwa siku mpaka siku ya 18, kisha hayaguswi tena. Usiku wa siku ya saba tunazima taa na kumulika yai mojamoja kwa tochi upande wake butu. Lenye uhai linaonyesha mishipa myekundu iliyotandaa kutoka kwenye doa jeusi, na ukivumilia doa lenyewe hutikisika. Lisilo na kitu hung’aa tupu. Wa tatu alilishika yai tupu, akaliweka pembeni, akalichukua tena, akaniuliza, “Mama, labda hili limechelewa tu?” Kaka zake walicheka. Tukalirudisha, akaliwekea alama ya penseli, na kwenye kumulika kwa pili alilitoa mwenyewe bila kuambiwa. Huku nyuma wa pili, ambaye wiki nzima aligombana na sehemu, alikuwa ameandika idadi ya mayai yenye uhai juu ya mstari na idadi ya mayai yote chini yake, akabaki anaikodolea macho. Nilitamani sana kusema neno. Nikajiuma ulimi, nikaendelea kushika tochi.

Mifugo inaleta na kifo, na wazazi Wakristo tuna haraka ya kukihubiria. Mbuzi hubeba mimba siku 150 hivi, kwa hiyo watoto wanaihesabu kwenye kalenda na kuisubiri. Mwanambuzi akizaliwa lazima apate dang’a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, katika saa za mwanzo, kwa sababu utumbo wake hupokea kinga ya mama kwa muda wa siku moja tu hivi, kisha mlango unafungwa. Kuna mmoja alizaliwa usiku, mdogo, hana nguvu ya kunyonya. Kifungua mimba alimkamua yule mbuzi mama, akamweka mwanambuzi mapajani, akamnywesha kidogokidogo kwa chupa, akawa anamsugua kwa gunia kavu. Tuliomba. Alfajiri akafa. Baba yao alichukua jembe, wakatoka yeye na kifungua mimba, wakachimba, wakafukia, wakarudi kukamua. Hakumwambia neno lolote juu ya mapenzi ya Mungu, na wakati ule niliona kama kaiacha nafasi nzuri ipite.

Swali lilikuja siku kadhaa baadaye, wakikaza waya wa uzio, wakati mikono yote miwili ya baba yake ilikuwa na kazi: je, Mungu alisikia? Walizungumza mpaka jua likazama. Sikuwapo, na mpaka leo sijui yote waliyosema. Kumbukumbu la Torati 6:7 linataka tuwafundishe watoto tuketipo nyumbani na tutembeapo njiani, tulalapo na tuondokapo. Nimeanza kuuona mstari ule kama ruhusa ya kungoja.

Ibada yetu ya jioni yenyewe ni fupi. Kifungu kimoja, mvulana mmoja anakisimulia, wimbo mmoja, sala. Dakika kumi, kumi na tano tukiwa na wageni. Wadogo wanaruhusiwa kulala sakafuni mradi wasimguse mwenzao. Najua wanaokaa saa nzima, Mungu awabariki. Mimi napendelea ibada ambayo mtoto analalamika kwamba imekwisha. Siku ya mapumziko hakuna jembe wala daftari. Majani ya mifugo yanakatwa siku iliyotangulia, ila maji na kukamua havina sikukuu, na Bwana Yesu mwenyewe katika Luka 13:15 aliwakumbusha watu kwamba siku ya sabato walikuwa wakiwafungua ng’ombe na punda wao kwenda kuwanywesha.

Jambo lingine: mtoto awe na kitu chake. Kazi za nyumba ni za wote, hazilipwi. Lakini sungura ni wa yule wa pili, wake kabisa. Ana daftari la tarehe za kupandisha, anajua mimba ni siku 31 hivi, anaandaa kiota siku chache kabla, anauza, fedha ni zake, na chakula cha sungura ananunua kwa fedha hizohizo. Hasara nayo ni yake. Mzazi akichukua fedha ya mauzo “atakutunzia mama,” amemfundisha kwamba bidii yake ina mwenyewe, na mwenyewe si yeye. Zipo familia zinazowafanya watoto wao vibarua wasio na ujira na kuliita jambo hilo malezi. Ukiona masomo yanaahirishwa kila wiki kwa sababu ya palizi, jiulize unalea mwana au unaokoa gharama ya kibarua.

Na usalama, kwa kifupi: kwetu hakuna mtoto anayepanda trekta, hata akiwa amepakatwa. Panga na shoka vina umri wake na vina mtu wa kusimamia. Kila anayetoka bandani ananawa kwa sabuni, na vifaranga hawabusiwi hata wakiwa wazuri kiasi gani, maana hubeba vijidudu vya ugonjwa viitwavyo salmonela bila kuonyesha dalili.

Watu hunihurumia kwa kukosa binti wa kunisaidia jikoni. Ninao wasaidizi wanne. Kifungua mimba anapika mlo kamili, wa pili anafua, wa tatu anaosha vyombo huku akiimba kwa sauti mbaya sana. Mvulana anayejua kuzalisha mbuzi hashindwi na sufuria, na mke wake wa kesho hatanilaumu.

Kabla ya yote haya, uliza sheria ya nchi yako. Ujerumani kwa kawaida hairuhusu wazazi kusomesha watoto nyumbani badala ya shule, na Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliwakatalia wazazi waliopinga jambo hilo mwaka 2006. Marekani inaruhusiwa katika majimbo yote, ila masharti hutofautiana: kwingine unatakiwa kutoa taarifa, mitihani na kumbukumbu, kwingine karibu huulizwi kitu. Tunza daftari la masomo hata kama hakuna anayelidai. Mtoto akitaka kuingia shule ya kawaida au kufanya mtihani wa taifa, ndipo utakapolihitaji.

Halafu kuna siku zinazoharibika tangu asubuhi: mvua imeingia bandani, mmoja ana homa, mbuzi wametoroka wamekula miche. Panga mapema nini hakiachwi, maana siku hiyo hutakuwa na akili ya kupanga. Kwetu ni vitatu: mifugo ilishwe na kunyweshwa, watu wale, na mtu mmoja asome kitabu kwa sauti. Hesabu zinasubiri, sarufi inasubiri. Cha tatu nimekiweka kwa sababu ndicho ninachokiweza nikiwa nimelala kitandani na wavulana wanne wamejazana miguuni, mmoja wao bado ana tope.