Rockwell C imesoma 32: silivu za seramiki ni feki?

SWALI: Injinia, habari za kazi. Tuna karakana Unga Limited, Arusha. Tulipeleka silivu (mabomba ya chuma yanayovikwa shafti) za pampu za umwagiliaji zikapulizwe alumina, ambayo ni seramiki ngumu, kwa plazma (gesi ya moto mkali sana), unene milimita 0.3. Ziliporudi tukapima ugumu wa moja kwa kipimo cha Rockwell C, ikasoma 32. Fundi wangu anasema tumepigwa. Ni kweli?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Kwa kipimo hicho huwezi kujua, kwa hiyo usigombane na mtu kwanza.

Rockwell C hukandamiza ncha ya almasi kwa kilo 150, na kila pointi inayopungua kutoka 100 ni mikroni 2 (milimita 0.002) za kina. Ukisoma 32, zimepungua pointi 68: shimo la milimita 0.136, karibu nusu ya unene wa utando wenu wa seramiki! Kanuni ya kawaida inataka utando uwe mnene angalau mara kumi ya kina cha shimo. Mlichopima hasa ni chuma cha chini, seramiki ikipasuka juu yake. Pachungulieni kwa lenzi mtaona nyufa. Silivu hiyo isirudi kwenye pampu.

Tumieni Vickers, kipimo kingine cha ugumu cha ncha ya almasi, mzigo wa gramu 300. Alumina ikisoma 900, shimo lina kina cha mikroni 3.5 hivi tu. Lakini hapo lazima sampuli ikatwe taratibu kwa diski ya almasi, ikianzia upande wa seramiki ili isibanduke, izamishwe kwenye epoksi, kisha isuguliwe mpaka ing'ae. Pigeni mashimo kumi au zaidi, kwa sababu utando wa kupuliza una vitundu na matabaka. Anayeniletea namba moja tupu huwa simwamini.

Binafsi ningeuliza mshiko, yaani utando umeshika chuma kwa nguvu gani, kabla ya ugumu. Kiwango cha Marekani cha kupima mshiko huo, ASTM C633, hutumia vipande vya duara vya kipenyo cha milimita 25.4: kilichopulizwa kinagundishwa kwa epoksi na kingine, kisha vinavutwa mpaka viachane. Hufanywa kwa sampuli tano. Utando uzidi milimita 0.38, la sivyo gundi hupenya vitunduni hadi kwenye chuma na mtakuwa mmepima gundi. Kwa hiyo sampuli za kuvuta zipulizwe nene kuliko silivu zenu. Mkishavuta, angalieni palipoachia. Pakiachia kwenye gundi, utando una nguvu kuliko namba mliyopata. Pakiachia kwenye chuma, ulizeni chuma kilipigwaje mchanga wa kukikwaruza kabla ya kupulizwa.

Oda ijayo, dai sampuli za chuma kilekile, zilizopulizwa pamoja na silivu. Mashine ya kuvuta, ulizia maabara za vyuo vya ufundi hapo mjini.