Maswali Yenu Kuhusu Kifusi: Msingi, Ua na Bonde

Msingi wangu uko kwenye mteremko, upande mmoja umepanda mita moja na nusu. Fundi anataka tumwage kifusi chote cha kujazia ndani ya msingi kwa mkupuo, kisha mvua za masika zikishindilie. Ni sawa? (Msomaji, Goba)

Hapana, na tafadhali mzuie kabla lori halijafika. Mvua hulowanisha juu tu, chini kunabaki na mapengo. Mwaka wa kwanza hutaona kitu. Baadaye kifusi kinashuka, jamvi, yaani zege la sakafu, linabaki likining'inia, na ufa mwembamba unatokea pale sakafu inapokutana na ukuta. Ukigonga marumaru kwa mpini wa nyundo, unasikia mlio wa kitu kitupu.

Kwanza ondoa udongo wa juu wenye nyasi na mizizi, maana vitu hivyo vikioza huacha nafasi. Kisha mwaga kifusi kimo cha sentimita 20 hivi, mwagia maji, shindilia mpaka kibaki kama 15, ndipo uongeze tabaka jingine. Kwa kimo chako utarudia hivyo karibu mara kumi. Ni kazi, lakini hapo ndipo sakafu yako inapojengwa.

Maji yawe ya kiasi. Chota kifusi kiganjani, kifinye, kisha kiachie kianguke kutoka usawa wa kiuno. Kikivunjika vipande vichache, kiko tayari. Kikiwa vumbi, ongeza maji. Kikiacha kiganja kimelowa, kiache kikauke kidogo. Moramu (udongo wenye changarawe) na mchanga wenye kokoto huitikia vizuri kuliko udongo wa mfinyanzi.

Jambo moja zaidi, nalo linanitia wasiwasi kuliko yote: kwa kimo hicho kifusi kinausukuma ukuta wa msingi kwenda nje. Tofali ziwe za kulaza, si za kusimamisha, saruji iwe imekomaa, na mhandisi aangalie kama unahitaji nguzo au mkanda wa zege. Na kabla ya kutandika nailoni na kumwaga jamvi juu yake, nyunyiza dawa ya mchwa.

Nitajuaje ni tripu ngapi? (Msomaji, Mbagala)

Zidisha urefu, upana na kimo. Eneo la mita 10 kwa 8, kimo sentimita 60, ni mita za ujazo 48. Kifusi kikishindiliwa kinapungua, kwa hiyo ongeza robo: agiza kama 60. Usikubali kuuziwa "tripu" bila kujua ujazo wake. Pima bodi la lori kwa futi kamba mwenyewe, kabla halijamwaga.

Tumechimba msingi tukapata udongo mweusi wa mbuga. Naweza kuurudisha ndani badala ya kununua moramu? (Msomaji, Shinyanga)

Usiurudishe. Udongo huo ukinyonya maji unavimba, ukikauka unasinyaa na kupasuka nyufa ambazo mkono unapita. Sakafu iliyokaa juu yake itapanda na kushuka kila msimu, hata ungeshindilia namna gani. Utumie bustanini. Na kwa kuwa msingi wenyewe umesimama kwenye udongo huo, ongea na mhandisi kabla ya kupandisha kuta.

Vifusi vya nyumba iliyobomolewa vinafaa?

Vinafaa vikivunjwavunjwa vidogo na kuchanganywa na moramu ili mapengo yazibe. Toa mbao, jipsamu, nailoni na vyuma.

Nataka kuinua ua kwa nusu mita, lakini kuna mwembe mkubwa. (Msomaji, Tanga)

Mizizi mingi inayoulisha mwembe iko karibu na uso wa ardhi, nayo inahitaji hewa. Ukiizika nusu mita, mti unaweza kudhoofika polepole na kufa baada ya miaka kadhaa. Acha usawa wa zamani chini ya kivuli chote cha matawi, ujenge kingo ya mawe kuuzunguka. Pia udongo wa ua usifike juu ya sakafu ya ndani: uteremke kutoka ukutani, sentimita 15 katika mita tatu za kwanza.

Kiwanja changu kiko bondeni, karibu na mto. Nikijaza kifusi kingi nitakuwa salama? (Msomaji, Dar es Salaam)

Utakuwa umeyahamisha maji tu, yaende kwa jirani. Bonde ni nafasi ya mto kutanuka. Kila kiwanja kinachoinuliwa kinapunguza nafasi hiyo, na walioishi Bonde la Msimbazi wakati wa mafuriko ya Desemba 2011 wanajua maji yanafika wapi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Kabla ya kuagiza lori hata moja, pima umbali huo, kisha nenda ofisi ya mipango miji ya manispaa yako ukiwa na ramani ya kiwanja. Kama uko ndani ya mita hizo, fedha ya kifusi iweke kwenye kiwanja kingine.