Re: Nyama tamu-chumvi na wali, chapchap baada ya kazi

Dada, umesema unafika nyumbani saa moja jioni, watoto wanalia njaa, na ile nyama ya sukari na soya sosi kila ukijaribu inatoa maji na kuwa ngumu. Shida ni moto mdogo na kujaza sufuria, si nyama.

Anza na mchele, huo wa Ahero unaouzwa soko la Kibuye, Kisumu, uko sawa kabisa, vikombe 2 kwa maji vikombe 4, funika uache uive. Nyama nusu kilo, mwambie buchari akupe steki laini, ukifika iweke friza kama dakika 20 ikazekaze ndo ikatike nyembamba, na ukate kukatiza nyuzi, hapo ndo ulaini unatoka. Ifute maji. Mafuta yapate moto sawasawa, kisha weka nyama kidogo kidogo, usiikoroge haraka, iache upande mmoja ushike rangi ya kahawia ndo ugeuze, toa, weka ingine.

Sasa sosi: kitunguu saumu na tangawizi mbichi kwa sufuria hiyohiyo, soya sosi vijiko 3, sukari nguru iliyokunwa vijiko 2, maji kidogo. Mi napenda nguru kuliko sukari nyeupe, ina ladha nzito na rangi. Ikianza kutoa mapovu mazito rudisha nyama, dakika moja tu, kamulia ndimu. Chumvi usiongeze kabla hujaonja, soya ina chumvi yake. Hoho na dhania zikiwepo, tia mwisho.